Umbali wa Kwenda Tu

Fomu inauliza umbali.
Naandika: kilomita thelathini na nne,
kutoka mlango wetu hadi geti la kiwanda cha maziwa, Leer.
Zilikuwa thelathini na nne na mita mia nane,
lakini kodi haijui vipande,
kilomita isiyotimia hutupwa.
Basi nimezitupa mita mia nane,
yaani kutoka jikoni hadi daraja la mfereji,
pale Habbo alipozoea kukumbuka miwani
akarudi kinyumenyume, taa nyekundu zikiwaka,
nami kizingitini nimeshaishika mkononi.

Fomu inataka njia fupi kuliko zote.
Habbo hakupita njia fupi.
Alizungukia kwa mwoka mikate, kilomita tatu za ziada,
kwa sababu, alisema, barabara kuu haina ng'ombe.
Miaka ishirini na sita akiwaamkia ng'ombe kwa honi
kabla ya kwenda kuyafunga maziwa yao kwenye pakiti.
Hilo nalo halina kisanduku.

Na wanahesabu kwenda tu.
Nimeusoma mstari mara mbili, kidole juu yake:
umbali wa upande mmoja.
Nikamuuliza Swantje, anayetusaidia na kodi,
serikali gani hii inayomhesabia mtu kuondoka
isimhesabie kurudi kwake?
Kurudi ndiko kulikokuwa kazi!
Saa tano usiku, zamu ya jioni imemkamua,
ukungu umelala barabarani kama mnyama asiyetaka kuinuka,
mikono ya koti inanuka maziwa yaliyochacha.
Petroli ni ileile.
Tairi haliulizi linaelekea wapi.

Swantje hakujibu. Alikuwa anaisikiliza chai,
sukari ya mawe ikipasuka chini ya kikombe.
Kisha: "Siku ngapi?"

Nikaishusha kalenda ukutani.
Habbo aliandika hali ya hewa, mambo mengine hakuandika.
Mvua. Mvua. Upepo. Likizo, mvua.
Tukatoa Jumapili, tukatoa wiki ya mgongo wake,
tukatoa siku tatu za harusi ya Wiard kule Bremen.
Zikabaki mia moja sabini na moja.
Ya mwisho, tarehe nane Oktoba:
Jua.
Aliliandika asubuhi, kiatu kimoja mguuni.

Swantje akatia kijiko ndani ya kikombe,
ndivyo tunavyosema huku kwetu, inatosha, usinimiminie tena.
Akasema polepole, kama anayeijaribu barafu ya mfereji kwa unyayo:
"Theda. Siku ile alikwenda.
Sheria inaandika kwenda, lakini imekunja kurudi ndani yake.
Asiyerudi
anahesabiwa nusu."

Siku mia moja sabini,
kila moja euro kumi na moja na senti thelathini na mbili.
Na siku moja,
tano na senti sitini na sita.

Nilimwomba arudie.
Kumbe walijua.
Kumbe miaka yote hiyo niliyowatukana mezani hapa,
kurudi kwake kulikuwamo, kumeshonewa ndani
kama bitana ya koti ambayo mvaaji haioni.
Mtu fulani nisiyemjua, kwenye ofisi yenye zulia la kijivu,
aliwahi kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake akawaza:
jioni huyu atarudi.
Akaihesabu asiitaje.

Gari lililetwa siku ya nne na kijana wa jirani.
Alipita njia fupi.
Kwenye kiti cha mbele, mkate ndani ya karatasi,
mgumu kama tofali.
Kilomita hizo si za Habbo, sikuziandika.

Nimetia sahihi mahali pawili,
kwangu, na kwake kwa niaba yake.
Swantje amekwenda na bahasha.
Mita mia nane hakuzichukua, hazina mwenyewe wala kisanduku.
Zimebaki kwangu.
Nazitembea jioni, mvua isiponyesha,
na ikinyesha pia:
hadi darajani,
na kurudi.